Kiungio kiwe kimoja, watengenezaji wawe wengi

Itakumbukwa kwamba mnamo Januari 2025 moto mkubwa ulivamia vitongoji vya Los Angeles, katika jimbo la California nchini Marekani, ukateketeza majengo zaidi ya 16,000 katika maeneo ya Pacific Palisades na Altadena. Upepo ulivuma kwa nguvu kupita kiasi, na sidhani kuna kikosi duniani ambacho kingeuzima moto ule kwa siku moja. Hata hivyo, wananchi walipata habari iliyowaacha vinywa wazi. Zaidi ya magari 100 ya idara ya zimamoto ya jiji hilo yalikuwa yamelazwa gereji, yakingoja kutengenezwa, wakati moto ulipozuka.

Uhaba wa mafundi ulitajwa kuwa sababu, nami naamini ulichangia. Lakini lilizuka swali jingine zito zaidi: kwa nini miji ya nchi tajiri kama hiyo ing'ang'anie magari makuukuu badala ya kununua mapya? Mwezi Mei 2025 chama cha wazimamoto wa Marekani na Kanada kiliiomba serikali ya Marekani iwachunguze watengenezaji wa magari ya zimamoto. Maseneta wawili wa vyama vinavyopingana, Josh Hawley na Andy Kim, walikuwa wamekwisha kuanza uchunguzi wao, na Septemba mwaka huo wakuu wa kampuni hizo waliitwa kujieleza mbele ya kamati ya Seneti. Malalamiko yalikuwa mawili. La kwanza, gari likiagizwa leo huweza kuchukua miaka mitatu au minne kabla ya kufika. La pili, bei imepaa: iliripotiwa kwamba gari la pampu linakaribia dola milioni moja, na lile la ngazi ndefu hufikia dola milioni mbili.

Kampuni zilijitetea kwamba janga la korona lilivuruga upatikanaji wa vipuri, kisha maagizo yakamiminika kwa pamoja na viwanda vikazidiwa. Wazimamoto nao walishikilia kwamba tatizo ni ukiritimba: viwanda vilivyokuwa vya watu wengi vimenunuliwa kimoja baada ya kingine, hata soko likabaki mikononi mwa wachache.

Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Walakini, naona kwamba pande zote mbili huzungumza kana kwamba jambo hili ni geni, ilhali lina umri wa zaidi ya miaka 130. Anayetaka kulielewa hana budi kurudi nyuma hadi enzi ya mvuke na farasi, awatazame watu walioanzisha kazi ya kuunda mitambo ya kuzima moto, na apime ni lipi lililowafaa wananchi na ni lipi lililowafaa wenye viwanda. Mara nyingi hayakuwa jambo moja.

Hapo mwanzo Wamarekani hawakuunda mitambo hiyo wenyewe. Mnamo 1731 mji wa New York uliagiza pampu mbili za mkono kutoka kwa Richard Newsham wa London. Baadaye mafundi wa huko walijifunza kazi. Mmoja wao alikuwa Patrick Lyon wa Philadelphia, mhunzi na fundi wa kufuli. Mwaka 1798 Lyon alitiwa gerezani kwa tuhuma za wizi wa benki ambao hakuutenda. Baadaye aliwashtaki waliomsingizia akashinda, na pampu zake zikawa na sifa kubwa.

Pampu hizo zilihitaji watu wengi, waliojipanga pande mbili za mpini mrefu, wakiukandamiza na kuuinua kwa zamu hadi mikono ikafa ganzi. Kwa hiyo kila mtaa ulikuwa na kikosi chake cha watu wa kujitolea, na vikosi hivyo vikajipatia nguvu za kisiasa. William Tweed, ambaye jina lake lilikuja kuwa mfano wa ufisadi mjini New York, alijijengea umaarufu akiwa kiongozi wa kikosi cha namna hiyo. Vikosi vilishindana kufika kwanza, na si mara moja vilipigana ngumi barabarani huku nyumba ikiteketea. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi, na nyasi katika visa hivyo alikuwa mwenye nyumba.

Mnamo 1841 mhandisi Paul Hodge aliwaonyesha watu wa New York mtambo wa kuzima moto ulioendeshwa kwa mvuke, ambao kampuni za bima ziliugharamia. Mtambo ulifanya kazi, lakini wazimamoto wa kujitolea waliuchukia kwa kuwa uliwatishia hadhi yao, na haukupita muda ukawekwa kando. Hapa tunapata somo la kwanza: mtambo mzuri hauwezi kuushinda utaratibu mbaya.

Mji wa Cincinnati, katika jimbo la Ohio, ndio ulioelewa somo hilo. Alexander Latta, akishirikiana na Abel Shawk, aliunda mtambo wa mvuke ambao jiji liliununua. Lakini halikuishia hapo. Tarehe 1 Aprili 1853 lilianzisha idara ya zimamoto yenye wafanyakazi wa kulipwa mshahara, chini ya Miles Greenwood, mwenye kiwanda cha kusubu chuma. Mtambo na utaratibu mpya vilikuja pamoja. New York yenyewe, iliyoukataa mvuke wa Hodge, ilingoja hadi 1865 ndipo ikawa na idara ya kulipwa.

Mlango ulipofunguka, waundaji walimiminika. Silsby alikuwa Seneca Falls, Button alikuwa Waterford, na Clapp na Jones walikuwa Hudson, wote katika jimbo la New York. Huko Cincinnati kazi ya Latta ilirithiwa hatimaye na Chris Ahrens. Kampuni ya Amoskeag ya Manchester, New Hampshire, ilianza kuunda mitambo ya mvuke mwaka 1859, na ikaunda zaidi ya 500. Biashara yake kubwa ilikuwa kufuma nguo za pamba. Msomaji wa pwani atakumbuka kwamba viwanda vya pamba vya eneo hilo la New England ndivyo vilivyofuma ile nguo ya merikani iliyouzwa Unguja na kwetu katika karne ya 19. Mashine za kufumia na mashine za kuzimia moto zilitoka katika karakana za watu wa ujuzi mmoja.

Orodha haikuishia hapo. Mnamo 1873 Truckson LaFrance alianzisha kampuni yake huko Elmira, New York. Daniel Hayes wa San Francisco alikuwa amepewa haki ya uvumbuzi mwaka 1868 kwa ngazi ndefu iliyoinuliwa kutoka juu ya gari, na baadaye LaFrance akaichukua. Frederic Seagrave alianza Detroit mwaka 1881 akiunda ngazi za wachumaji wa matufaha, kisha wazimamoto wakaziona na kuzipenda. Hakuwa na nia ya kupigana na moto, lakini riziki humfuata mtu kwa njia asiyoitarajia.

Wingi huo wa waundaji ulikuwa na neema yake. Mji ulioudhiwa na Silsby ungeweza kumwendea Ahrens, na fundi mwenye wazo jipya alipata mahali pa kulijaribu. Lakini ulikuwa pia na dosari. Kila mji ulikuwa na kipimo chake cha viungio, yaani vile vipande vya chuma vinavyounganisha mpira wa maji na bomba la barabarani. Kote nchini kulikuwa na aina mamia za viungio, huyu akiwa na meno manene, yule membamba. Mpira wa mji mmoja haukuingia katika bomba la mji jirani.

Soko lenyewe lilikuwa finyu. Mtambo wa mvuke ukitunzwa vyema hudumu miongo kadhaa, kwa hiyo mji mdogo hununua mmoja na kukaa miaka mingi bila kurudi sokoni. Haishangazi basi kwamba wenye viwanda walichoka kunyang'anyana wateja wachache. Mnamo 1891 Silsby, Ahrens, Button, na Clapp na Jones waliungana kuwa kampuni moja iliyoitwa American Fire Engine Company. Mwaka 1900 kampuni hiyo iliungana na LaFrance na wengine, ikazaliwa International Fire Engine Company, na miaka michache baadaye likapatikana jina ambalo lilikuja kuvuma kote Marekani: American LaFrance.

Mtu angetarajia kwamba waundaji wakiungana na vyombo vingefanana, kwamba kampuni moja ingeleta kipimo kimoja. Je, ndivyo ilivyokuwa? Jibu lilitoka Baltimore.

Jumapili ya tarehe 7 Februari 1904 moto ulizuka katikati ya jiji hilo la Maryland. Jiji likaomba msaada, na msaada ukaja upesi. Vikosi vilisafirishwa kwa gari la moshi kutoka Washington, Philadelphia na New York, vikiwa na mitambo bora kuliko yote ya siku zile. Vilipofika, wazimamoto walitandaza mipira yao, wakaiinua kuiunganisha na mabomba ya Baltimore, na wengi wao wakakuta haiingii. Viungio havikulingana. Maji yalikuwepo, mitambo ilikuwepo, watu walikuwepo. Kilichokosekana ni kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa kiganja. Moto uliwaka kwa zaidi ya saa 30 na kuteketeza majengo zaidi ya 1,500.

Angalia mwaka. Moto huo ulitokea miaka minne baada ya muungano wa 1900, wakati ambapo waundaji wakubwa wa mitambo ya mvuke walikuwa wamekwisha kukusanywa chini ya paa moja. Muungano ule ulikusanya hisa na faida. Haukukusanya viungio, kwa kuwa hapakuwa na mtu ndani yake aliyekuwa na haja navyo. Kila mji uliendelea kuuziwa ulichozoea.

Kilicholeta kipimo kimoja ni makubaliano ya umma. Mnamo 1905 chama cha kitaifa cha kukinga moto, NFPA, kilichoundwa mwaka 1896, kilipitisha kipimo cha kitaifa: kiungio cha upana wa inchi 2.5 chenye meno 7.5 kwa kila inchi. Hakikuuliza gari limeundwa na nani wala limepakwa rangi gani. Kilisema tu kwamba anayetaka kuuza auze, na anayetaka kuvumbua avumbue, bora mpira wake uingie katika bomba la jirani.

Natamani ningeweza kusema kwamba miji yote ilitii. Chama hakikuwa na uwezo wa kulazimisha, na kubadilisha maelfu ya mabomba ni gharama. Mnamo Oktoba 1991 moto ulipovamia vilima vya Oakland, California, na kuua watu 25, vikosi vilivyokuja kusaidia vilikuta mabomba ya Oakland yana viungio vya inchi 3, ilhali mipira yao ilikuwa ya inchi 2.5. Miaka 87 ilikuwa imepita tangu Baltimore. Na mwaka 2004 taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia vipimo ilipochunguza miji 48 yenye watu wengi zaidi, ni 18 tu iliyopatikana na mabomba ya kipimo cha kitaifa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Turudi kwa waundaji. Je, muungano wa 1900 ulidumu kama ukiritimba? La, na sababu yake ni muhimu kwa mjadala wa leo. Injini ya petroli ndiyo iliyouvunja. Mnamo 1906 kampuni ya Waterous ya Saint Paul, Minnesota, iliunda gari la zimamoto la petroli kwa ajili ya kikosi kimoja cha Pennsylvania, na mwaka uliofuata ikaunda jingine ambalo injini ile ile iliendesha magurudumu na pampu. Seagrave naye akaingia katika magari. Ndugu wa ukoo wa Mack, walioanzia Brooklyn mwaka 1900 wakiunda mabasi na malori, waliuza gari lao la kwanza la zimamoto mwaka 1911. Peter Pirsch wa Kenosha, Wisconsin, alikuwa na ngazi zake. Familia ya Ahrens ilijitoa katika muungano, na mwaka 1910 ikazaliwa Ahrens-Fox, ambayo magari yake yalitambulika mara moja kwa lile tufe la chuma linalong'aa mbele, lililotunza hewa ili maji yatoke kwa mkondo ulio sawa. John Walter Christie aliunda kichwa cha petroli chenye magurudumu mawili ili kuuvuta mtambo wa mvuke wa zamani mahali pa farasi, na mamia ya vichwa hivyo yakauzwa kwa miji iliyotaka kuokoa fedha. Tarehe 20 Desemba 1922 farasi wa mwisho wa zimamoto ya New York waliitikia wito wao wa mwisho huko Brooklyn.

Kwa ufupi, mlango wa soko ulikuwa bado wazi. Mtu mwenye karakana na wazo jema aliweza kuingia, na wakubwa walilazimika kuamka. Hata Pierce, ambayo leo ni miongoni mwa majina makubwa, ilianza mwaka 1913 katika jengo lililokuwa kanisa huko Appleton, Wisconsin. Na mwaka 1974 bado iliwezekana kwa kampuni mpya kabisa, Emergency One ya Ocala, Florida, kuanza na magari ya alumini na kuwatikisa wakongwe.

Sasa tazama yaliyotokea baadaye. Mack iliacha magari ya zimamoto mwaka 1990. Pierce ilinunuliwa na Oshkosh mwaka 1996. Kampuni ya uwekezaji iitwayo American Industrial Partners ilikusanya viwanda chini ya kundi ambalo tangu 2015 liliitwa REV. Ndani yake iliingia Emergency One, ikafuatwa na KME mwaka 2016, Ferrara mwaka 2017, na kitengo cha zimamoto cha Spartan mwaka 2020. KME ilikuwa imeanzishwa mwaka 1946 huko Nesquehoning, Pennsylvania. Kiwanda chake kilifungwa mwaka 2022. American LaFrance yenyewe, mrithi wa miungano yote ile ya kale, ilifunga milango Januari 2014. Na Oktoba 2025, wiki chache tu baada ya kikao cha Seneti, REV ilitangaza mpango wa kuungana na kampuni kubwa ya mitambo iitwayo Terex.

Nisieleweke vibaya. Simwoni mwekezaji kuwa mwizi kwa sababu tu amenunua kiwanda. Baadhi ya viwanda hivyo vingekufa vyenyewe kama visingepata mtaji. Pia ni kweli kwamba gari la zimamoto la leo lina mitambo mingi kuliko la 1911, na bei yake haiwezi kuwa ile ile. Lakini nasisitiza mambo mawili ambayo historia hii imeyadhihirisha.

La kwanza, wale wanaotetea miungano hudai kwamba huleta usawa wa vyombo na wepesi wa kazi. Historia haikubaliani nao. Usawa uliookoa watu haukuletwa na muungano wowote. Uliletwa na kipimo kilichoandikwa na kutangazwa kwa wote. Na palipokosekana utii wa kipimo hicho, kama Oakland, ukubwa wa kampuni haukusaidia kitu.

La pili, ukiritimba wa 1900 ulivunjwa na wageni walioingia kwa mlango wa teknolojia mpya. Mlango huo ukizibwa, kwa kununua kila mgeni anapoanza kuchanua, hapatakuwa na wa kumwamsha mkubwa anaposinzia. Mnunuzi wa gari la zimamoto si kama mnunuzi wa sufuria, ambaye akikasirishwa na bei ataghairi apikie la zamani. Mji hauwezi kuuambia moto ungoje miaka minne.

Kwetu Kenya jambo hili si hadithi ya mbali. Katiba ya 2010, katika Mpangilio wa Nne, iliikabidhi kazi ya zimamoto kwa serikali za kaunti. Maana yake ni kwamba tuna wanunuzi 47 wanaoweza kutangaza zabuni 47 na kuletewa vyombo vya namna 47. Moto hauna habari na mipaka ya kaunti. Mnamo 7 Agosti 2013, moto ulipoteketeza ukumbi wa wasafiri wanaowasili katika uwanja wa ndege wa JKIA, vikosi vya taasisi mbalimbali viliitwa kusaidia, na hivyo ndivyo itakavyokuwa katika kila moto mkubwa ujao. Basi kabla ya bunge lolote la kaunti kuidhinisha fedha za gari jipya, wajumbe na waulize: mpira wa gari hili utaingia katika bomba la kaunti jirani? Vipuri vyake vitatoka kwa mtu mmoja au kwa wengi? Mafundi wa kulitengeneza wamo katika bajeti, au tunanunua chombo cha kulazwa gereji?

Picha za magavana wakikata utepe mbele ya gari jekundu linalometameta hupendeza machoni. Lakini watu wa Baltimore walikuwa na mitambo iliyometameta pia. Kitakachotuokoa ni sheria ya kipimo kimoja kwa nchi nzima, isimamiwe na chombo chenye meno ya kulazimisha, pamoja na soko lililo wazi kwa kila mwundaji atakayekitimiza kipimo hicho. Hayo mawili hayana budi kwenda pamoja, na wakati wa kuyapanga ni sasa, kabla king'ora hakijalia.